Mtu wa Kufagia

Esnah hakusema neno lolote kuhusu sakafu. Alivua viatu mlangoni kama kawaida yake, akaingia sebuleni kwa soksi, na alipofika kwenye kochi akainua mguu mmoja, akautazama unyayo. Soksi ilikuwa nyeupe alipotoka kwake Birongo asubuhi. Sasa ilikuwa na rangi ya udongo wa hapa Sironga, ule mwekundu unaoingia nyumbani kwa viatu, kwa upepo, kwa paka wa jirani, na usiotoka mpaka utolewe. Akashusha mguu taratibu.

"Ufagio uko wapi, mokamwana?" akauliza.

Damaris, mke wa mwanawe, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mto mdogo umekingwa nyuma ya kiuno. Tangu afanyiwe operesheni ya uti wa mgongo, makochi yalimshinda. Daktari alimkataza kuinama, kuchuchumaa na kuinua kitu chochote kizito kuliko birika la chai, na marufuku hiyo ilikuwa ya nusu mwaka.

"Mama, acha tu. Job akirudi Ijumaa atafagia."

"Job?" Esnah akacheka kidogo, bila ubaya. "Job wangu mimi?"

Akauona ufagio nyuma ya mlango wa jikoni, akajifunga leso kiunoni, akaanza. Alikuwa amepita miaka sabini lakini aliinama kwa wepesi, mkono mmoja mgongoni, vumbi likikimbia mbele yake. Damaris hakujua aweke wapi macho. Shuleni kwake watoto hamsini walisimama alipoingia darasani. Hapa alikaa kama meza, ufagio ukimzunguka, mama mkwe akimfagilia nyumba yake mwenyewe naye akitazama.

Esnah alimaliza sebule, akamaliza jikoni, akashuka na ukumbi mdogo mpaka kwenye mlango wa chumba cha kulala. Hapo akasimama. Wagusii wana heshima wanayoiita chinsoni, na kwa heshima hiyo mzazi havuki mlango wa chumba anacholala mwanawe na mkewe. Alilirundika vumbi pale pale kizingitini.

"Mimi naishia hapa," alisema akirudi. "Huko ndani nani anafagia?"

"Hakuna shida, Mama."

"Shida iko. Nitawaletea mtu. Kuna msichana pale kwetu, Bochaberi, binti ya marehemu Anyona. Ana adabu na ana nguvu. Atakaa hapa, atapika, atafagia, na huko ndani pia."

"Akae mpaka lini?"

"Mpaka upone." Esnah aliifungua leso, akaikung'uta. "Na usipopona, tutaona."

Damaris aliugeukia mlango wa chumba. Alikuwa ameolewa miaka minane na mimba mbili zilikuwa zimetoka. Alijua kabisa ni jambo gani lingeonwa.

*

"Ni kusaidia tu, Dama," Job alisema Ijumaa jioni.

Job Nyamongo alikuwa afisa wa nyanjani wa kiwanda kimoja cha chai. Siku za kazi alizunguka kwenye vituo vya kununulia majani, akilala huko huko, na wikendi alirudi nyumbani. Alikuwa ameshika ufagio. Kabla ya kuushika alikuwa amefunga mapazia yote.

"Kusaidia ni kunitafutia msichana wa miaka ishirini na kitu, hajaolewa, alale chini ya paa langu mimi nikiwa nimelala chali?" Damaris aliuliza. "Job, niangalie. Umeulizwa kama unamtaka?"

"Nani angeniuliza?"

"Hilo ndilo nakuuliza."

Job alifagia mahali alipokuwa amekwisha kufagia. "Mama alitaja tu, kwa simu. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza."

"Sasa ningesema nini? Ni mama."

Damaris aliushika mkono wa kiti, akasimama kwa hatua, kwanza miguu, kisha mapaja, kisha kiwiliwili, kama alivyofundishwa hospitalini. "Basi tuandike mtu wetu. Mama wa makamo, aje asubuhi aondoke mchana."

"Mama akisikia tumeandika mwingine atasema tumemkataa wa kwake. Na ukoo wa Anyona utasema tumemwona binti yao ni takataka. Birongo nitapitia wapi?"

Ndipo Damaris alipompa simu. Mwalimu mwenzake alikuwa amemtumia video: kitu cha mviringo, kama sufuria iliyofunikwa, kikitembea chenyewe sakafuni, kikizunguka miguu ya meza, kikivuta vumbi. Kilipomaliza kilirudi ukutani kwenye mnara wake wa chaji, na mnara ukalivuta vumbi lote kutoka tumboni mwake.

Job aliitazama mara mbili. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo Damaris hakuwa ameiona tangu hospitalini.

"Hii haina ukoo," alisema. "Tukinunua mashine, hatujamkataa mtu."

Usiku ule alilinganisha aina na aina mpaka chaji ikaisha. Damaris alilala akimsikiliza akisoma kwa sauti nguvu za betri na ukubwa wa mifuko. Alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa na kokoto ndani.

*

Duka lilikuwa Kisii mjini, na mwenye duka alikuwa Ramila, mwanamke wa Kihindi aliyezaliwa mji huo huo na kuuza vyombo vya umeme pamoja na mumewe Bhupendra tangu enzi za redio za mbao.

"Bwakire," Ramila aliwasalimia.

"Bwakire buya," wakaitikia.

Alimtazama Damaris alivyosimama, akaenda nyuma akaleta kiti kirefu cha kaunta. "Kaa hapa. Vile vya chini vitakuumiza. Sasa mniambie, sakafu ni ya nini?"

"Vigae," Job alisema.

"Kuna ngazi kati ya vyumba?"

"Kizingiti kidogo tu, cha chumba cha kulala."

"Kidogo namna gani? Kidole kimoja? Viwili? Mashine ikishindwa kupanda, itakuwa inafagia sebule peke yake, na nyinyi mtarudi hapa kunikasirikia."

Kidole kimoja, Damaris alisema. Ramila akatoa mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo na ya bei nafuu. Alivunja biskuti sakafuni, ikala makombo, ikasimama. Kisha akachuchumaa, akafungua kijisanduku nyuma yake na kukimwaga kwenye pipa.

"Hivi, kila siku," alisema akiinuka kwa kushika magoti. "Na ule udongo wenu, labda mara mbili kwa siku. Bwana uko nyumbani kila siku?"

"Wikendi."

"Basi hii si yenu. Mama hawezi kuchuchumaa."

Ya pili ilikuwa na mnara. Ilikula biskuti, ikarudi kinyumenyume mpaka ikagusa mnara, na mnara ukanguruma. Damaris alishtuka, kisha akacheka. Ramila alifungua kifuniko cha juu akawaonyesha mfuko wa karatasi ndani. Ungejaa baada ya mwezi au zaidi, na Job angeubadilisha akiwa nyumbani. Mke hangegusa kitu, ila kuiwasha kwa simu. Stima ikipotea ingesubiri, ikirudi ingeendelea. Ya tatu ilipiga deki pia, lakini ilitaka kujazwa maji kila siku, na ndoo ya maji machafu imwagwe.

"Ya kati," Damaris alisema. Alikuwa amesogea mbele kwenye kiti. "Job, ni hiyo ya kati. Ile nyingine inanirudisha kwenye ndoo."

Bei ilikuwa kubwa, zaidi ya mshahara wa mwezi wa Damaris, lakini Job alikuwa tayari ameshika simu kuangalia akiba yao. Ndipo mtu akampiga begani.

"Nyamongo! Na hii nini, umeanza kuchezea gari za watoto?"

Alikuwa Mokua, mhasibu wa kiwandani, mtu wa maneno mengi aliyekuja kununua kipasha joto cha maji. Hakumwona Damaris, aliyekuwa amekaa upande wa friji.

"Roboti ya kufagia!" Mokua akasoma kwenye boksi. "Kwani nyumbani hakuna mwanamke?"

Wateja wawili wakageuka. Job akacheka pamoja naye, kicheko kirefu kuliko mzaha wenyewe.

"Si yangu bana. Ni ya meneja. Amenituma niulizie."

"Nilijua. Mwanaume wa Kisii na kitu kama hii!" Mokua akaenda zake kwenye kaunta ya pili.

Ramila aliinama akaanza kuokota makombo ya biskuti kwa vidole, ingawa alikuwa amezungukwa na mashine tatu za kuyaokota. Damaris alishuka kwenye kiti, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Asante, Mama," alimwambia Ramila. "Meneja atakuja kuchagua mwenyewe."

Job alimfikia nje, karibu na mama aliyekuwa akiuza ndizi. "Dama, ilinitoka tu. Unamjua Mokua, Jumatatu kiwanda kizima kingekuwa…"

"Sikatai mashine. Nilidhani unaninunulia mimi." Alikuwa akitembea polepole, na upole wa mwendo ule ndio uliomuumiza Job. "Lakini unataka mashine ili usimwambie mama yako hapana. Na leo hata kumwambia Mokua ni yako umeshindwa. Itaniongelea hiyo, Job? Ina mdomo?"

*

Jumatano Esnah aliwasili na Bochaberi. Msichana alikuwa na begi moja la kitambaa na nywele zilizosukwa upya. Alimsalimia Damaris kwa mikono miwili, akauliza kuhusu mgongo, na hata chai hakuisubiri, akatafuta ufagio.

"Unaona?" Esnah alisema akiketi. "Sikusema ana adabu?"

"Mama, Job hajui kama mmekuja leo."

"Job nitamwambia mimi." Esnah alipuliza chai. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi nzuri. "Mokamwana, usiogope msichana. Naona unaogopa. Mimi mwenyewe nilikuja hivi hivi."

"Hivi vipi?"

"Hivi. Mke wa kwanza wa baba yenu mguu ulimharibikia, hawezi shamba, hawezi kuteka maji. Shangazi akanileta nisaidie. Nilikuja na ufagio na nguo moja. Nikasaidia. Sikumtukana siku hata moja, muulize yeyote Birongo. Nikamzaa Job, nikazaa na wenzake, na watoto wakawa wa wote. Nyumba ikasimama."

"Na Mama Mkubwa alisema nini siku ile ulipoingia?"

Esnah alifikiri. Ilikuwa wazi kwamba hakuwa ameulizwa swali hilo maishani mwake. "Hakusema kitu. Aligeukia ukuta. Alikuwa mgonjwa."

Ufagio ulikuwa umenyamaza. Bochaberi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameushika kwa mikono miwili.

"Mama Esnah," alisema, "wewe ulimwambia mama yangu ni kazi. Ulisema nitalipwa kila mwezi, halafu nikaendelee na kozi ya ushonaji."

"Na si ni kazi?"

"Mimi sikuja kuolewa."

"Nani ametaja kuolewa? Msichana, kuwa na heshima."

Machozi yalimtoka Bochaberi, na kwa kuwa mikono ilikuwa na ufagio aliyaacha yatiririke. Damaris alichukua simu. Job alipopokea alimwambia neno moja tu: "Njoo."

*

Alifika kwa pikipiki ya kiwanda, buti zimejaa tope la mashamba ya chai. Alisimama mlangoni asijue kama avue au aingie nazo. Mama yake alikuwa kwenye kochi, mkewe kwenye kiti cha mbao, na msichana asiyemjua vizuri amekaa kwenye ukingo wa kiti karibu na jikoni, begi mapajani.

"Karibu, mwanangu," Esnah alisema. "Keti. Kuna maneno yameharibika hapa, wewe utayanyoosha."

Job alimtazama Damaris. Kwa kawaida katika mambo ya mama yake, Damaris ndiye aliyeanza na yeye akamalizia kwa kusema sawa. Safari hii Damaris alitulia, mikono magotini, kama mtu anayengoja jina lake liitwe hospitalini. Job akaelewa kwamba hangesaidiwa.

"Mama," alianza. Sauti ilikuwa nyembamba, akakohoa. "Huyu dada atarudi nyumbani leo. Hana kosa lolote. Dada, nisamehe, ningesema mapema usingefunga safari."

"Arudi!" Esnah akasema. "Na hapa nani atafagia?"

"Nikiwa hapa, mimi. Nisipokuwa hapa, kuna mashine tunanunua."

"Mashine."

"Ndiyo."

"Na hiyo mashine itakuzalia?"

Job alimwona Damaris akifumba macho. Alivuka zulia na buti zake za tope, akasimama kando ya kile kiti cha mbao.

"Haitazaa, Mama. Tukipata mtoto, tutashukuru. Tusipopata, basi. Mimi nimeoa, na huyu ndiye niliyemwoa."

Esnah alishusha kikombe chake. Alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyeambiwa maisha yake yote yalikuwa makosa. "Wewe Job. Siku ile mimi ningefukuzwa mlangoni kama unavyomfukuza huyu, wewe ungekuwa wapi?"

"Singekuwepo. Najua." Job alimgeukia mama yake. "Lakini mama, wewe ndiye ulikuwa ukinituma kumpelekea Mama Mkubwa chakula kwenye kile kijumba chake. Unajua alikuwa akiniuliza nini kila siku? 'Baba yako amesemaje?' Na baba hakuwa amesema kitu. Kila siku, hakuna kitu. Kwa hiyo nilikuwa natunga. Namwambia baba amekusalimia. Baba amesema utapona. Baba amesema kesho atakuja kukuona. Nilikuwa na miaka saba, minane, nakaa njiani na sahani nikifikiria leo nimwambie amesema nini."

Esnah alimkodolea macho mwanawe.

"Hukuwahi kuniambia," alisema mwishowe.

"Hata Damaris sijamwambia."

Kule karibu na jikoni Bochaberi alisimama, akaweka begi begani. Damaris alimwita, akamlipa kazi ya siku na nauli, na kumuuliza jina la ile shule ya ushonaji. Alimwambia ampigie simu wiki ijayo. Kuna mzazi mmoja shuleni kwake mwenye cherehani nne na kazi nyingi. Hakuahidi zaidi ya hapo. Bochaberi alishukuru, akamuaga Esnah kwa mikono miwili kama alivyomwamkia Damaris, na akatoka peke yake bila kumsubiri.

Esnah alikunywa chai yake yote, ingawa ilikuwa imepoa. Kisha akavaa viatu. Job alimsindikiza mpaka barabarani, mama akitangulia mbele.

*

Waliinunua ile ya kati Jumamosi iliyofuata. Haikuwa muujiza. Wiki ya kwanza ilimeza chaja ya simu na kukwama kwenye nyuzi za pembeni za zulia, ikawa inalia kwa sauti ya kike ya Kiingereza mpaka Damaris akamwomba jirani alitoe zulia. Baada ya mvua, tope lililokauka liliishinda, na tope hilo lilimngoja Job na ufagio. Kiwandani Mokua alipata habari, na kwa muda Job akaitwa Bwana Deki. Jina hilo lilimchoma, kisha likachakaa, kama majina yote ya kiwandani.

Esnah hakuja mwezi mzima. Alituma salamu kwa watu, salamu fupi. Siku aliyokuja alikuja bila kutangaza, siku ya kazi, akiwa na mkungu mdogo wa ndizi na mboga za chinsaga kwenye mfuko. Damaris alimfungulia mlango.

Mama mkwe aliketi mahali pake kwenye kochi. Mashine ilikuwa kazini ukumbini. Aliisikiliza bila kuitazama. Walizungumza kuhusu mvua, kuhusu bei ya majani, kuhusu harusi ya mtu wa Birongo. Maneno yakaisha. Damaris alijiandaa kwa yale mengine.

"Mokamwana," Esnah alisema akitazama mikono yake. "Siku ile walipokupasua mgongo, Job alikuwa wapi?"

"Nje, Mama. Hawakumruhusu kuingia."

"Ulikuwa peke yako."

"Ndiyo."

"Uliogopa?"

Tangu augue watu walikuwa wamemuuliza atapona lini, atarudi kazini lini, atazaa lini. Damaris alitaka kusema alikuwa sawa, kama alivyozoea kusema.

"Niliogopa sana, Mama. Nilidhani nikiamka sitasikia miguu."

Esnah alisimama, akavuta kiti kingine cha mbao kutoka mezani, akakiweka karibu na kile cha mkwewe mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akaketi.

"Nieleze," alisema. "Anza mwanzo."